Je, wajua? Ndege ya kompyuta hupimwa kwa kasoro zake

Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Ya kwanza iliruka mwaka 1955, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa lake la kushoto kuna tundu dogo ambalo abiria wengi hawalioni. Kabla ya safari, rubani hulifunika kwa leso safi, akaweka mdomo na kuvuta hewa. Ndani ya ndege, honi hulia. Honi hiyo haitumii umeme. Ina ulimi mwembamba unaotetemeka hewa inapopita, kama ule wa kinanda cha mdomo.

Angani, kazi ya kuvuta hewa hufanywa na bawa lenyewe. Ndege ikiinua pua mno huku mwendo ukipungua, shinikizo hafifu lililo juu ya bawa husogea mbele hadi penye tundu na kuinyonya hewa kupitia honi. Mlio huanza mwendo ukiwa umebakiza kilomita 9 hadi 18 kwa saa kabla mabawa hayajaacha kuibeba ndege. Huanza kwa kusitasita, kisha hukaza kadiri hatari inavyokaribia.

Hapo ndipo mpenzi wa simuleta, yaani mashine au programu ya kuigiza urubani, hutega sikio. Katika ndege ya kompyuta iliyoundwa kwa haraka, honi hulia yote kwa mkupuo na kukatika ghafla. Mtengenezaji makini huiacha ipande na kushuka pamoja na hewa inayopita kwenye bawa. Ni sekunde chache tu za sauti, lakini zinakuonyesha kama aliyeitengeneza alisoma vitabu vya ndege au alitazama picha zake tu.

Picha zenyewe siku hizi hazishangazi sana. Tangu Agosti 2020, simuleta iitwayo Microsoft Flight Simulator imekuwa ikiijenga dunia nzima kutokana na picha za setilaiti na za angani. Kinachobaki kuitofautisha ndege moja na nyingine ni tabia yake, hasa ule udhaifu ambao kila chombo halisi kinao.

Simuleta ilianza na tabia kabla ya picha. Mwaka 1929, Edwin Link wa Binghamton, New York, alitengeneza mashine ya kufundishia urubani akitumia mivukuto na vali za kiwanda cha baba yake, kilichounda piano na vinanda vikubwa vya upepo. Mwanafunzi alikaa ndani ya kiboksi kilichoinama na kugeuka alivyosukuma usukani. Jeshi la Marekani lilinunua mashine 6 mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Hakukuwa na mandhari ya kutazama, kwani funzo lilikuwa kuziamini geji wakati nje huoni kitu.

Turudi kwenye Cessna, tuchukue toleo la 172P lenye injini ya silinda 4. Kila silinda ina plagi mbili, na plagi hizo hupata cheche kutoka kwenye magneto mbili zinazojitegemea. Kabla ya kuruka, rubani hupandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha huzima magneto moja baada ya nyingine. Mizunguko lazima ishuke kidogo. Kitabu cha ndege kinataka isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya magneto hizo mbili isizidi 50. Isiposhuka kabisa, hiyo nayo ni dalili mbaya: huenda waya wa kuzima magneto umekatika, na mtu akilizungusha panga la ndege kwa mkono, injini inaweza kuwaka ikamkata. Simuleta nzuri hushusha sindano kwa kiasi tofauti kila upande, maana hakuna magneto mbili zinazolingana sawasawa.

Kabureta nayo ina lake. Petroli ikigeuka mvuke hupoza hewa kiasi kwamba barafu huweza kujijenga ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzijoto 20, mradi kuna unyevu wa kutosha. Ishara ya kwanza ni mizunguko kushuka polepole bila mtu kugusa kitu. Rubani akivuta kitasa cha kuipasha kabureta joto, mizunguko hushuka zaidi, injini hukohoa barafu inapoyeyuka, kisha nguvu hurudi. Anayeanza hudhani ameharibu, akakirudisha kitasa mapema. Ndege ya kompyuta inayomwachia afanye kosa hilo akiwa kitini nyumbani imemfundisha jambo kubwa.

Kuna kasoro nyingine zinazobadilika kulingana na mahali. Geji ya mwelekeo huendeshwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi, nalo hushikilia mwelekeo wake ule ule huku dunia ikigeuka chini yake. Kwa sababu hiyo, juu ya London geji hupotoka nyuzi zipatazo 12 kwa saa. Juu ya Nairobi, karibu kabisa na ikweta, dunia husababisha chini ya nusu nyuzi, ingawa msuguano wa gurudumu huongeza kosa lake. Ndiyo maana rubani huilinganisha na dira kila baada ya robo saa hivi.

Uwanja wa Wilson, Nairobi, unafaa kwa jaribio jingine. Uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Ukiacha kitasa chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, kama ungefanya Dar es Salaam, petroli huzidi hewa na injini hukosa nguvu. Kitabu cha Cessna kinaagiza kuupunguza mchanganyiko kabla ya kuruka kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Ikiwa ndege yako ya kompyuta inaruka vilevile Wilson na Dar, kuna kitu kimeachwa.

Hatimaye kuna bomba la pito, kijibomba kinachopokea upepo wa mbele ili geji ya mwendo ipate kusoma. Yakiziba matundu yake, la mbele na la kutolea maji, geji hugeuka mwongo: ndege ikipanda, inaonyesha mwendo unaongezeka hata kama unapungua. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walihisi kuwa wadudu walijenga kiota ndani ya bomba moja wakati ndege imeegeshwa.

Huhitaji kutumia pesa nyingi ili kuyaona haya. FlightGear ni programu ya bure, na ndege yake ya 172P ina barafu ya kabureta na hata maji yaliyoingia kwenye petroli. Ukiifungua, acha kwanza kutazama milima na barabara. Pima magneto, paa kutoka Wilson, punguza mwendo hadi honi ilie, kisha ziba bomba la pito na upande juu. Ndege inayokosea mahali ambapo ndege halisi hukosea ndiyo inayostahili muda wako, na pesa zako pia.