Mchanga Uliokubali Kuyeyuka

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nina hadithi ya mchanga, majivu na moto.

Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya kale yenye nguzo ndefu za mawe. Waashi waliozijenga walipachika humo mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari kutoka China, nyuso zake zikitazama nje. Mambrui, karibu na Malindi, walifanya vivyo hivyo. Mengi yameng'olewa au kuvunjwa, yakaacha mashimo ya mviringo. Lakini penye kipande kilichosalia, jua likikipiga bado kinameremeta. Bati la paa huliwa na kutu kwa miaka michache tu katika upepo ule wa chumvi. Kauri imeuvumilia kwa karne nyingi.

Kinachoilinda ni kioo. Juu ya udongo uliochomwa limelala tabaka jembamba la kioo, mara nyingi lisilofikia hata unene wa milimita moja. Tabaka hilo nitaliita gilezi. Mfinyanzi halipaki likiwa tayari ni kioo. Husaga mawe yakawa unga, huuchanganya na maji, huchovya chombo chake humo, kisha hukiacha kikauke na kukitia tanurini. Unga unayeyukia pale pale juu ya chombo, unashikamana nacho, na ukipoa umekuwa kioo.

Mkubwa wa wote katika unga huo ni silika. Hiyo ndiyo mchanga mweupe, ndiyo jiwe la kwazi. Kioo cha dirisha na cha chupa ya soda asili yake ni silika pia. Ila ina ukaidi mmoja mkubwa: ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 1,700. Matanuri ya kuni ya wafinyanzi hodari wa zamani yalikomea karibu na 1,300. Na hata kama yangefika huko juu, chombo chenyewe kingelainika na kuporomoka kabla mchanga haujaanza kutoa jasho.

Kwa hiyo mchanga unahitaji kitu cha kuulegeza, nacho ni kiyeyushi. Chembe za silika zimeshikana pande zote, mfano wa watoto katika mduara wa mchezo wasiotaka kuachiana mikono. Kiyeyushi ni mtoto mgeni anayejipenyeza katikati ya wawili. Mikono inaachana hapa, inaachana pale, na mduara mzima unayumba mapema kuliko ulivyokusudia.

Baadhi ya viyeyushi mnaviona nyumbani kila siku. Yale magadi ambayo mama zenu hutia kwenye maharagwe ili yaive upesi yamejaa sodiamu, na sodiamu ni kiyeyushi chenye nguvu. Majivu ya kuni yana potasiamu, na chokaa tele. Chokaa yenyewe, iwe ya mawe, ya makombe ya baharini au ya matumbawe, hubeba kalisi. Yako pia mawe yaitwayo felspa, ambayo yana silika na kiyeyushi ndani yake tangu yalipoumbwa, ndiyo maana wafinyanzi huyathamini mno. Wa mwisho ni risasi, madini mazito, na huyo nitamtolea onyo baadaye.

Hapa kwenye chokaa ndipo ninapopapenda zaidi. Silika, tumeona, hutaka nyuzi 1,700. Kitu kingine kilichomo katika kila udongo wa mfinyanzi, kiitwacho alumina, hutaka zaidi ya nyuzi 2,000. Chokaa iliyochomwa ndiyo imewashinda wote kwa ukaidi: hutaka zaidi ya 2,500. Ungedhani ukiwakutanisha watatu hao utapata ukaidi juu ya ukaidi. Sivyo. Wakisagwa laini na kuchanganywa kwa vipimo vinavyofaa, wanaanza kuyeyuka pamoja kwenye nyuzi 1,170 tu! Kila mmoja, akiwa peke yake, hujipanga safu kwa safu bila kasoro, na kuzivunja safu hizo kunataka moto mkali. Wakichanganyika, kila mmoja anamharibia mwenzake safu. Nimelifahamu jambo hili kwa muda mrefu na bado linanistaajabisha.

Sasa mrudisheni yule mwashi wa Kunduchi katika fikra zenu. Amelishika bakuli la China ambalo gilezi yake iliyeyushwa kwa msaada wa kalisi, naye analigandisha nguzoni kwa chokaa ya matumbawe, yaani kwa kalisi ile ile iliyotoka baharini kwetu.

Alumina nayo ina kazi yake. Gilezi yenye kiyeyushi kingi na alumina haba hutiririka, ikaliacha bakuli tupu na kujikusanya chini. Alumina huipa uzito, ikang'ang'ania ukutani mwa chombo wakati imeyeyuka. Kwa sababu hiyo mfinyanzi hutia udongo kidogo katika gilezi yake, hasa udongo mweupe wa kaolini.

Wachina waliyajuaje haya? Moto wenyewe uliwaonyesha. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita walikuwa na matanuri makali kiasi kwamba majivu ya kuni, yakipeperushwa na upepo wa moto, yaliangukia mabega ya mitungi na kuyeyuka juu ya udongo, yakaacha madoa ya kijani yanayong'aa. Anayefungua tanuri na kuona madoa hayo hawezi kuyapuuza. Baadaye wakaacha kungoja bahati: wakachanganya majivu na udongo wenyewe, wakapaka chombo kizima.

Katika mji wa Jingdezhen kazi hiyo ilifikia ustadi mkubwa. Padri mmoja Mfaransa, François-Xavier d'Entrecolles, aliyaeleza mambo ya huko katika barua mbili, ya mwaka 1712 na ya 1722. Wafinyanzi walipanga chokaa na majani ya kangaga tabaka kwa tabaka, wakachoma rundo lote, kisha wakarudia kulipanga na kulichoma tena. Majivu yaliyopatikana yaliongezwa kwenye maji ya jiwe lililosagwa laini, na hiyo ndiyo ikawa gilezi ya kauri zao nyeupe.

Mafundi wa Longquan, nao wa China, walipendelea kijani kilichofanana na jiwe la jade. Rangi hiyo ni ya chuma, tena kidogo sana, kama asilimia 1 au 2 ya gilezi. Siri ilikuwa katika hewa. Tanuri likinyimwa hewa, moto wenye njaa hunyang'anya oksijeni iliyoshikwa na chuma, na gilezi inatoka kijani. Hewa ikiachwa iingie kwa wingi, chuma kile kile hutoa manjano au hudhurungi.

Huko Iraki na Uajemi, kuni ni chache lakini jangwani huota mimea inayopenda ardhi ya chumvi, na majivu yake yana sodiamu nyingi. Mafundi wa huko walitumia majivu hayo kwa moto mdogo zaidi, na shaba kidogo ikawapa rangi nzuri ya feruzi. Vigae vya mitungi yao mikubwa vimefukuliwa Unguja Ukuu, kusini ya kisiwa cha Unguja, na vina umri wa miaka 1,200 hivi.

Lakini majivu hayo yana tabu: huyeyuka majini kama chumvi. Ukiyakoroga na maji na kuchovya chombo, kiyeyushi kinanywewa na udongo wakati mchanga unabaki juu peke yake. Dawa yake aliieleza Abu'l-Qasim wa Kashan, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi, aliyeandika kwa Kiajemi mwaka 1301. Unachukua jiwe la kwazi lililosagwa na majivu, karibu sawa kwa sawa, unayayeyusha kwanza tanurini, halafu unayamimina yakiwa moto katika shimo la maji. Anasema vinapokutana hutoka mshindo wa radi. Kioo hicho hupasuka vipande, kikasagwa tena, na sasa maji hayakiwezi. Viwanda vya leo hufanya vivyo hivyo, na unga wake huitwa friti.

Angalieni sasa shaba inavyofanya. Ndani ya gilezi ya sodiamu hutoa feruzi. Itie shaba ile ile ndani ya gilezi ya risasi, na inatoka kijani cha majani. Kwa hiyo kiyeyushi kina kauli hata katika rangi.

Nilisema nitaonya kuhusu risasi. Huyeyuka kirahisi, hung'aa kupita wenzake, na mafundi wengi wa kale waliipenda. Lakini ni sumu, na watoto huumia zaidi, kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Gilezi ya risasi isiyochomwa vizuri huachia sumu hiyo kwenye vitu vichachu: maji ya ndimu, ukwaju, achari. Sahani msiyojua ilikotengenezwa, yenye rangi kali na uso uliochakaa, itundikeni ukutani. Msilie chakula.

Mtauliza kwa nini vyungu vyetu vya kupikia havina gilezi. Vyungu hivyo huchomwa uwanjani kwa kuni na majani, na moto wa namna hiyo kwa kawaida haufiki nyuzi 900. Majivu hayayeyuki hapo. Tena mtungi wa maji hautaki kuvaa kioo: maji hupenya katika vitundu vyake vidogo, hukauka nje, na yaliyobaki ndani yakapoa. Aliyeuacha bila gilezi alijua anachokifanya.

Malighafi tunazo lakini. Ziwa Magadi la Kenya limefunikwa na ganda la magadi ambalo limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100 na kupelekwa viwanda vya kioo. Vilima vya Pugu, jirani na Dar es Salaam, vina kaolini nyeupe. Mchanga hauhitaji kutajwa.

Mkifika makumbusho ya Fort Jesus kule Mombasa, msiishie kutazama maua ya buluu yaliyochorwa kwenye kauri. Tafuteni bakuli lililoonyeshwa upande wa chini, muone kitako chake. Mara nyingi mtakuta duara la udongo mtupu, lisilo na gilezi. Fundi alilipangusa kwa makusudi kabla ya kuchoma, maana kioo kingeyeyuka hapo kingeligandisha bakuli kwenye sakafu ya tanuri. Juu kidogo ya duara hilo, gilezi hunenepa na kusimama. Hapo ndipo ilipofika ikitiririka, kabla moto haujazimwa.