Upepo, Theluji na Barafu ya Antaktika

Mwanzoni mwa mwaka 2002, bamba la barafu liitwalo Larsen B, katika Rasi ya Antaktika, lilisambaratika kwa wiki chache tu. Eneo lililovunjika lilikuwa kilometa za mraba zipatazo 3,250, kubwa kuliko Unguja na Pemba kwa pamoja.

Bamba la namna hiyo huelea baharini, hivyo kuvunjika kwake hakupandishi sana maji. Kazi yake ni kuzuia, kama boma, barafu iliyoko nchi kavu. Larsen B ilipoondoka, barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza mwendo kuelekea baharini, na hiyo ndiyo huinua bahari.

Je, bamba hudhoofikaje? Upepo wa magharibi hupanda milima ya rasi, huangusha theluji, kisha hushuka upande wa pili ukiwa mkavu na wenye joto. Theluji huyeyuka. Mwanzoni maji hunyonywa na theluji ya zamani kama sponji. Sponji ikijaa, maji hutuama, huingia katika nyufa na kuzipasua kwa uzito wake.

Modeli nyingi za tabianchi za dunia nzima huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilometa 100 hivi. Kwa kipimo hicho milima ya rasi huonekana kama vilima, na upepo ule hupotea. Modeli za kikanda, kama RACMO ya Uholanzi na MAR ya Ubelgiji, hushughulikia eneo moja kwa miraba midogo zaidi, zikipokea mipakani hali ya hewa kutoka modeli kubwa. Hukokotoa theluji inayoanguka, inayoyeyuka, na nafasi iliyobaki katika sponji. Majibu hulinganishwa na vipimo vya vituo na satelaiti.

Hata hivyo, hazitaji tarehe ya kuvunjika, na joto la bahari linaloyeyusha barafu kutoka chini huhitaji modeli nyingine.

Utafiti wa mwaka 2021 uliotumia MAR ulionyesha kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 4, takribani theluthi moja ya eneo la mabamba ya Antaktika itakuwa hatarini. Ongezeko likiishia nyuzi 2, eneo hilo hupungua kwa nusu. Kwa waamini wa Mombasa, Bagamoyo na Zanzibar, waishio kando ya bahari hiyohiyo, tofauti ya nyuzi hizo mbili si jambo la mbali.