Kihisi cha Pedeli ya Mafuta: Tafsiri ya Msimbo na Gharama ya Kosa

Katika magari yasiyo na kebo kati ya pedeli ya mafuta na injini, mkanyago wa dereva hugeuzwa kuwa volti. Kwa kawaida kihisi cha pedeli hutoa ishara mbili kwa pamoja, na katika magari mengi moja huwa takriban nusu ya nyingine. Kompyuta ya gari huzilinganisha. Zisipowiana, hupunguza nguvu ya injini na kuhifadhi msimbo P2138.

Msimbo huo husema tu kwamba volti za ishara mbili haziwiani. Ukifasiriwa "pedeli mbovu", fundi hununua pedeli nyingine ilhali pengine kosa liko kwenye soketi iliyoingia kutu au waya wa hasi uliolegea. Uchunguzi wenyewe ni mfupi: swichi iwashwe bila injini kuwaka, multimita ithibitishe volti 5 na hasi kwenye soketi, kisha pedeli ikanyagwe polepole huku ishara zikitazamwa. Iwapo umeme unaoingia ni kamili na ishara inarukaruka, hapo ndipo pedeli ina hatia.

Mafundi wengi husema "sensa", neno ambalo kwa msomaji wa Tanzania ni kuhesabu watu. "Kihisi" hakina utata huo. Hata hivyo, pengo kubwa haliko kwenye nomino. Miongozo ya mafunzo ya ufundi inahitaji kitenzi cha uhusiano wa ishara hizo, nami napendekeza "kuwiana", kwa kuwa uwiano ndio hasa fundi anaoupima.