Kwa Nini Mguu Uliochomwa na Mwiba Huvimba?

Umetoka shambani Masisi, au umepita njia ya msituni Walikale, na mwiba umekuchoma wayo. Kesho yake mguu umevimba, una moto, unauma. Usifikiri umerogwa.

Vidudu vimeingia pamoja na mwiba. Chembe za mwili zilizo hapo zinatoa vitu vidogo sana viitwavyo kemokini, na kazi yake ni kuita. Katika damu wamo askari wetu, ndio chembe nyeupe. Wakisikia mwito hushikamana na ukuta wa mshipa, hujipenyeza nje, kisha hufuata kemokini kuelekea zilipo nyingi, kama mbwa wa mwindaji afuatavyo harufu. Mwaka 1987 wataalamu walitambua moja iwaitayo askari wa kwanza, wakaiita interlukini-8. Usaha unaouchukia, wengi wao ni askari hao waliokufa vitani.

Hata siku za afya kemokini huongoza askari wengine kwenda kwenye tezi za kwapa na kinena, wangoje adui huko. Mtoki hutokea hapo.

Lakini mwiba ukibaki ndani, mwito hauishi. Askari wanazidi kuja, na silaha zao zinaanza kuharibu nyama yako mwenyewe. Basi usikamue, wala usipake mavi ya ng'ombe. Osha kwa maji safi na sabuni, uje tuutoe mwiba na kukuchoma sindano ya pepopunda. Ukiona homa, au uvimbe unapanda, au taya linakaza, usingoje siku ya soko.