Shoki Hainyonyi Mshtuko: Istilahi na Ufundi wa Gari la Mbio katika Milima ya Kisii na Nyamira

Makala haya yanadhamiria kueleza namna shoki za gari la mbio zinavyoweza kubadilishwa nyumbani, na papo hapo kuonyesha kwamba jina la kifaa hicho limewapotosha wenye magari na waundaji wa istilahi kwa pamoja. Huenda msomaji akajiuliza spana na nati zimeingiaje katika jarida la Kiswahili. Jawabu ni kwamba istilahi haiundwi mezani pekee. Ubora wake hupimwa mikononi mwa anayeitumia, na katika suala hili kosa la neno laweza kumfikisha mtu hospitalini.

Fundi wa jua kali mjini Kisii husema shoki. Mwenzake wa Dar es Salaam husema shokapu. Wanaokerwa na ukopaji huweza kuunda kizuiamshtuko au kinyonyamshtuko, kwa kufuata kanuni ile ile iliyotupa kipimajoto na kinasasauti. Kisarufi maumbo haya hayana ila. Ila yao imo katika maana. Kipimajoto hupima joto kweli, na kinasasauti hunasa sauti kweli. Shoki haizuii mshtuko wala hainyonyi. Anayeunda neno kwa njia hii huwa ametafsiri Kiingereza, ilhali Kiingereza chenyewe kimekosea. Wahandisi wa Uingereza wanalijua kosa hilo, ndiyo maana wao hupendelea neno jingine, dampa, lenye maana ya kitu kinachofifisha. Wafaransa nao husema amortisseur, kutokana na kitenzi chenye maana ya kupunguza nguvu ya kitu hadi kififie.

Tuangalie kifaa chenyewe. Gurudumu linapogonga tuta au kutumbukia shimoni, wapokeaji wa mshtuko ni tairi na springi. Springi hujibana na kuhifadhi nguvu ya pigo lile, kisha huiachilia, gari likanyanyuka. Kama hakuna kingine cha kuingilia kati, gari litaendelea kupanda na kushuka kama mashua yenye wimbi chini yake. Hapo ndipo shoki huingia kazini. Ni silinda iliyojaa oili, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo. Springi inapotaka kurukaruka huivuta na kuisukuma pistoni hiyo. Oili hupenya vitunduni kwa shida, na mwendo hugeuka joto. Ukiigusa shoki baada ya safari ndefu ya barabara mbovu utaikuta na joto. Kwa hiyo kazi yake ni kumtuliza mwenzake springi, na kwa kufanya hivyo kulishika tairi lisiachane na barabara. Tungeliita kifaa hiki kitulizaspringi, neno lingesema kweli. Mwandishi hadai kwamba fundi ataliacha shoki, neno fupi lililokwisha kukaa kinywani. Anachodai ni kwamba atakayeandika kamusi au kitabu cha ufundi asimfundishe mwanafunzi uongo.

Uongo huo una gharama. Mtu anayeamini kuwa shoki hunyonya mshtuko huipima kwa starehe: gari likimrusharusha, shoki zimekufa, lisipomrusha, ni nzima. Ndipo utamwona mwenye gari akipachika raba kati ya pindi za springi, gari likanyanyuka na kuwa gumu, naye akaridhika kwamba ametibu maradhi. Ilivyo ni kwamba ameikaza springi na kumwongezea kazi mtulizaji aliyekwisha kuchoka. Tairi sasa hudunda juu ya lami, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona.

Katika Kisii na Nyamira jambo hili si dogo. Hii ni nchi ya vilima na mvua ya karibu mwaka mzima. Barabara ya kutoka Kisii kupitia Nyamira hadi Chemosit, na ile ya Keroka kuelekea Sotik, zote ni za kupanda, kuteremka na kupinda, huku malori ya majani chai yakishiriki lami hiyo hiyo. Ukiiacha lami unaingia udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Gari la mbio linalofahamika zaidi kwa vijana wetu ni Subaru Impreza. Sifa yake ilikuzwa na Safari Rally, mashindano ambayo Colin McRae alishinda akiwa na gari la aina hiyo mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Impreza za vizazi viwili vya kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1992 na 2007, haziwezi tena kuingizwa nchini, kwa kuwa Kenya hukataa gari lililozidi umri wa miaka minane. Zilizoko ni zile zilizozeekea humu humu, na shoki zake zimezeeka nazo. Dalili huonekana: oili inayotiririka kando ya shoki, tairi lililolika kwa mabaka, pua ya gari inayoinama mno breki zikikanyagwa. Lile jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuiachilia halisaidii sana hapa, maana springi za gari la mbio ni ngumu kiasi kwamba mkono wa mtu hauzitikisi vya kutosha.

Sasa kazi yenyewe. Shoki hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Mahali pawe tambarare na pagumu, jambo adimu katika boma lililo ubavuni mwa kilima. Jeki ikisimamishwa juu ya udongo uliolowa huzama polepole bila kupiga kelele. Iwekewe ubao mpana na mnene, na gari likishainuliwa liegemezwe juu ya stendi za chuma. Lisiegemezwe juu ya mawe. Jiwe la Tabaka, linalotupa vinyago, ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na tofali la kujengea hupasuka ghafla bila onyo.

Katika Impreza tulizozitaja, shoki imevikwa springi, na vyote viwili vimefungwa pamoja kuwa mguu mmoja. Hapa ndipo neno linapokuwa hatari, kwa sababu fundi huuita mguu mzima shoki, na chombo kilicho ndani yake pia shoki. Mwanagenzi akiambiwa "fungua shoki" anaweza kuinua boneti, akaona nati tatu zilizozunguka nati moja ya katikati, akaanza na hiyo ya katikati. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Ikilegea, springi huruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Zinazofunguliwa ni zile tatu, tena mwishoni. Kwanza huondolewa mpira wa breki ulioshikizwa mguuni, kisha bolti mbili kubwa za chini. Bolti ya juu kati ya hizo mbili ndiyo inayopanga mlalo wa gurudumu. Kabla ya kuilegeza ipigwe alama ya chokaa au rangi, la sivyo gari litavuta upande.

Mguu ukishatoka, springi hubanwa kwa vibano viwili vya skrubu vilivyowekwa pande zinazoelekeana, kila kimoja kikikazwa kidogo kidogo kwa zamu hadi springi ichezecheze kitini mwake. Hapo tu ndipo nati ya katikati huguswa, na uso wa fundi usiwe mbele yake. Wako wanaoifunga springi kwa waya au kamba. Kwa maoni ya mwandishi, asiye na vibano vya kweli aupeleke mguu gereji, hata kwa bodaboda, sehemu hiyo moja ifanyiwe huko.

Shoki mpya husimamishwa wima na kuvutwa na kusukumwa mara kadhaa ili hewa itoke kwenye oili. Raba ya kikomo na kifuniko cha vumbi vikaguliwe. Vilivyochakaa visirudishwe, kwani vumbi la changarawe ndilo linalokwaruza sili na kuanzisha uvujaji. Mguu hurudishwa kwa mpangilio wa kinyume, bolti ikilingana na alama yake. Bushi zozote za raba zilizolegezwa hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, maana zikikazwa magurudumu yakining'inia hujisokota na kuchanika mapema. Baada ya hapo gari lipelekwe kunyooshwa magurudumu, na baada ya siku chache za kuendeshwa nati zote zipitiwe tena kwa spana, zile tatu za juu zikitangulia.