Asilimia ni ileile, shilingi si zilezile: nani huumia zaidi uchumi ukibana?

1. Uchumi ukikaza, kila mdahalo wa siasa hufika hapa. Mmoja anasema "tumewaongeza wafanyakazi mshahara", mwingine anajibu "mfukoni hakuna kitu". Wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Uzi huu unaeleza kwa nini. Twende.

2. Kwanza, "wafanyakazi" si kundi moja. Wabunge na maafisa wengine wakuu wa serikali hupangiwa malipo na Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa na Katiba ya 2010. Walio na chama chenye nguvu hujadiliana mkataba, na wakikataliwa hugoma. Kibarua yeye hungoja kima cha chini cha mshahara, ambacho mara nyingi hutangazwa Leba Dei.

3. Halafu kuna wengi wasio na mlango wowote: mama mboga, mtu wa boda, fundi wa mjengo. Ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye kazi Kenya wako sekta isiyo rasmi. Nyongeza ikitangazwa, wao huisikia tu kwa redio.

4. Sasa hesabu (senti nimeziacha). Kuanzia Mei 2018 hadi Mei 2022, kima cha chini hakikuguswa. Kibarua wa Nairobi, Mombasa au Kisumu alibaki na Sh13,572 kwa mwezi, korona ikampitia hapo hapo. 2022 akaongezwa asilimia 12. Mwaka huo huo pakiti ya unga ya kilo 2 ikapita Sh200.

5. 2024 ikaja nyongeza ya asilimia 6. Kibarua wa jiji akatoka Sh15,201 hadi Sh16,113, yaani Sh912. Kibarua wa shambani akatoka Sh7,544 hadi Sh7,997, yaani Sh452. Pengo kati yao lilikuwa kama Sh7,650, likapita Sh8,100. Asilimia ileile, na pengo limekua. Na unga shambani hauuzwi nusu bei.

6. Mwaka huo huo mbunge alikuwa apande kutoka Sh725,502 hadi Sh739,600. Hiyo haifiki hata asilimia 2, na ukiisikia hivyo utasema ni kidogo. Kwa shilingi ni Sh14,098, mara 15 ya alichopata kibarua wa jiji. Wananchi walipiga kelele, ikasimamishwa.

7. Kuna pengo lingine ambalo halionekani haraka: aliye ndani na anayeingia. Pesa zikipungua, ni rahisi kumbana mgeni kuliko kumkata mwenye ajira ya kudumu. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi alilipwa Sh20,000 akifundisha darasa lilelile na mwenzake wa kudumu. Madaktari wanagenzi waliahidiwa Sh206,400 kwenye mkataba wa 2017. 2024 serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Mgomo wa madaktari wa mwaka huo ulichukua siku 56, na aliyeumia zaidi ni mgonjwa asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi.

8. Utaambiwa "pesa hazipo". Inaweza kuwa kweli: madeni yanalipwa kwanza, na mishahara ya umma ina kikomo chake. Mwajiri mdogo naye atakwambia akilazimishwa kuongeza atafuta mtu mmoja. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini mkate ukipungua, bado kuna anayeamua nani akatiwe kipande kidogo. Huo ni uamuzi wa watu, si hali ya hewa.

9. Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa upande wako au wa upande ule, akitaja nyongeza, muulize:
- Ni shilingi ngapi, si asilimia ngapi?
- Ni ya kundi gani, na nani ameachwa nje?
- Ikilinganishwa na bei ya unga na nauli ya mwaka uliopita, inanunua nini?
- Nani atakagua kama mwajiri analipa kweli?

10. Anayeweza kujibu hayo manne amefanya hesabu. Asiyeweza anakupa asilimia tu, na asilimia haiwekwi kwa sufuria.