Kishikwambi Nyumbani

Wengi wetu visiwani tulikiona kishikwambi kwa karibu mara ya kwanza mwezi wa Agosti 2022, pale makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Tulihesabiwa Zanzibar watu 1,889,773, na karani aliyefika kwangu hakufungua daftari lolote. Mimi niliyezoea madaftari ya wanachama, ambayo mchwa huyamaliza kabla hayajajaa, nilikitazama kifaa kile kwa hamu kubwa. Hata hivyo sikukitia nyumbani mwangu hadi mwezi uliopita.

Siku ya kwanza, nisifiche, kilinitia haya. Kilifunguka kwa Kiingereza, na kila nilipogusa kilinipeleka nisikokusudia. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyeingia katika orodha ya lugha akakuta Kiswahili kimo. Mara maneno yote yakageuka, nami nikapata kusoma pasipo mkalimani. Lakini nilipoandika "shehia" mashine ilidhani nimekosea, ikanipigia mstari mwekundu. Hilo nalisamehe.

Lililonigusa khasa ni khabari ya mama. Umri wake ni miaka sabini na ushei na macho yamefifia. Kwa miaka mitatu msahafu wake ulikaa umefungwa, akawa anasoma zile sura alizozihifadhi tu. Tulimfungulia Kurani katika kishikwambi, tukazikuza herufi kwa vidole viwili hata aya moja ikaenea kioo kizima. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza Suratul-Mulk toka mwanzo, akisita kila mara kwa kuwa kidole chake hakijazoea kuteleza juu ya kioo. Akasema kinamkumbusha ubao wa chuoni, ila huu haukoshwi kwa maji. Baadaye akauliza juu ya udhu. Nimewauliza masheikh wawili, nao hawakuafikiana. Yeye amechagua kutawadha.

Watoto wanakitaka kwa michezo, na hapo nimeweka sharti: si kabla ya kurudi chuoni, wala si wakati wa kula. Moto nao ni lazima. Sisi wa Unguja, tuliokaa gizani karibu miezi mitatu tangu Desemba 2009, hatuna haja ya kufundishwa kuchaji mapema.

Wiki iliyopita nilikitumia kwa shughuli ya serikali. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinipelekea fomu ya maombi kwa njia ya intaneti. Fomu yenyewe ilikuwa Kiingereza kitupu. Niliijaza kwa taabu, mwanangu akinisaidia. Kisha nikaambiwa niichapishe katika karatasi, niipeleke kwa sheha ipigwe muhuri, halafu niirejeshe kwa mkono. Nilitumia nauli mara mbili na asubuhi nzima, na kishikwambi kikiwa mkobani.

Ndugu zetu mliokabidhiwa ofisi za wananchi: ikiwa waliotengeneza mashine hii, ambao pengine hawajapata kuisikia Makunduchi wala Kojani, wamejua kwamba yuko mtu huko anayetaka kusoma kwa Kiswahili, imekuwaje fomu itokayo Mjini hapa hapa imfikie mtu huyo kwa lugha asiyoijua?